Chiriku na Vidonge vya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kuvaa, akamsogezea chai, kisha akamtilia kidonge kiganjani. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa fundi cherehani hodari, mpaka ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulipomvamia. Vidole vikafa ganzi, macho yakaona ukungu, na mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta.

"Mguu huu mkaidi kuliko wewe," mama alizoea kusema, nao wakacheka.

Siku moja, katika duka la dawa, Chiriku alimsikia muuzaji akimwambia mama mdogo, "Dawa hii hupunguza nguvu ya kinga ya mwili." Si mwalimu alisema kinga ndiyo askari wa mwili? Mbona basi mama ananyang'anywa askari wake?

Hakumuuliza mtu. Tangu siku hiyo alivitupa vidonge vya hospitali chooni, akampa mama vidonge vya vitamini vya kabatini, vilivyofanana navyo. Mama alivimeza na kumshukuru.

Wiki chache baadaye, mama aliamka na kuuliza, "Chiriku, mbona hujafungua dirisha?"

"Nimelifungua, mama. Jua limejaa chumbani."

Mama alipapasa ukuta, akajaribu kusimama, miguu yote ikamgomea. Ndipo alipolia, naye hakuwa mtu wa kulia mbele ya mwanawe.

Mama mdogo aliwapeleka hospitali. Daktari alimpima, uso wake ukakunjamana. "Dawa ulikuwa unameza?"

"Kila siku, daktari. Mwanangu huyu hajanikosesha hata siku moja."

"Basi dawa imeshindwa. Itabidi tukuanzishie nyingine, kali zaidi."

Kwa Chiriku, kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini je, hiyo dawa kali ikimdhuru mama bure?

"Haikushindwa," alisema. "Mimi niliitupa. Nilidhani inaua askari wake."

Mama mdogo alishika kichwa. Mama aligeuza uso ukutani.

Daktari alimketisha Chiriku. "Mshipa wa fahamu ni kama waya wa umeme. Una utando wake, unaitwa mayelini. Askari wa mama yako wamekosea kumtambua adui, wanauchana utando huo. Dawa ilikuwa inawatuliza."

"Kwa nini msiwaue wote, basi?"

"Kwa sababu tunawahitaji. Wamo wanaofagia mabaki ya utando ulioharibika, na wanaoziamsha chembe zinazotengeneza utando mpya. Mabaki yasipoondolewa, ukarabati hukwama."

"Utando wa mama utarudi?"

"Mwingine hurudi, mwingine haurudi. Dawa ya kuurudisha wote bado inatafutwa. Ila umenizuia nisikosee leo."

Mama alitundikiwa dripu, kisha akarudishiwa dawa yake ya zamani. Macho yalirudi, ingawa si kama mwanzo. Miguu haikurudi. Alitoka hospitali katika kiti cha magurudumu, na cherehani ya kukanyaga ikafunikwa shuka. Chiriku hakuweza kuitazama. Shuleni alikaa kimya hata wenzake wakadhani anaumwa, na nyumbani alijificha jikoni akilia.

Jioni moja mama alimwita. "Njoo hapa. Sitakudanganya, mwanangu, nimekasirika, na miguu yangu naililia. Pengine ingepooza hata bila wewe, hakuna ajuaye."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ulinipenda, lakini ulinipenda kwa siri, na ugonjwa hautibiwi kwa siri. Usilolijua, uliza kabla ya kutenda. Na ukishakosea, sema upesi, hata kama ulimi unakuwa mzito. Ulisema, ndiyo maana leo naiona sura yako."

Chiriku akaweka kichwa juu ya magoti ya mama, magoti ambayo hayakuhisi kitu, akalia mpaka akanyamaza.