Kikohozi cha Chumba cha Sufi

Kila alasiri akitoka shuleni, Chiriku alitua mkoba mlangoni na kuingia chumba cha nyuma kuchambua sufi. Mama yake alikuwa fundi wa mito na magodoro. Dirisha lilifungwa daima, maana upepo ukipenya sufi yote hupeperuka. Mama alishona, binti akajaza, na nyuzi nyepesi zikaelea kati yao hadi nyusi zikawa nyeupe kama za vikongwe.

Jina Chiriku alipewa kwa kupenda kwake maneno. Lakini wiki tatu sasa alikuwa kimya. Akifungua mdomo tu, kikohozi kilimbana. Alikwenda kukohoa chooni, uso kwenye taulo. Mama alikuwa hoi, mgongo unamuuma, na hoteli moja imeagiza mito arobaini. Nikisema naumwa, aliwaza, nani atamsaidia?

Siku moja alisimama darasani kusoma, akakohoa mpaka akaishiwa pumzi. Mwalimu akamwita mama yake, wakaenda zahanati.

"Umeanza lini kukohoa?" daktari aliuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Jana," Chiriku alijibu, akitazama sakafu.

Daktari akamsikiliza mgongoni. "Mwanangu, kifua hiki si cha jana."

Machozi yakamtoka, akamgeukia mama yake. "Wiki tatu. Nisamehe, mama. Niliona umechoka mno."

Mama hakufoka. Alishusha pumzi, naye akakohoa. "Mimi mwezi wa nne huu, daktari. Nilikuwa namficha yeye."

Daktari akachora bomba kwenye karatasi. "Njia ya hewa imetandikwa utando laini, wenye unyevu. Baadhi ya seli zake hutoa ute, vumbi likanasa humo. Nyingine zina vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo husukuma ute juu hadi kooni, usiku na mchana. Vumbi likizidi, utando huvimba na vinywele huelemewa. Ndipo kifua hulazimika kukohoa ili kiusukume chenyewe."

"Vyangu vimekufa?" Chiriku aliuliza.

"Vimeelemewa tu. Utando hujitengeneza upya ukipata nafasi."

Walihamishia kazi barazani, wakatundika shuka kukinga upepo, wakafunga barakoa, na sakafu wakaipangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kuifagia. Mito ilichelewa wiki nzima; watu wa hoteli wakanung'unika, kisha wakaipokea. Kikohozi cha Chiriku kilikwisha ndani ya mwezi. Cha mama kilipungua polepole, na alfajiri nyingine bado kilimwamsha.

Alfajiri moja ya namna hiyo, Chiriku alimletea maji. Mama akanywa, akamvuta karibu.

"Ulinificha kwa huruma, nami vilevile. Tumepata nini? Vifua viwili vibovu. Ugonjwa ukifichwa haupungui, mwanangu, unapata muda wa kukua. Ukiumwa, niambie, hata ukinikuta nimechoka vipi."

"Nawe utaniambia?"

Mama aliweka mkono kifuani. "Leo kifua kinaniuma," alisema.

"Basi lala," binti akamwambia. "Twende kwa daktari kukipambazuka."