Tangazo la Mwisho la Sauti

"Mmoja wenu ni mwizi," alisema Profesa, "na mwizi simpi shahada."

Mezani kwa mama huyo kulikuwa na kazi mbili za shahada ya uzamili ya matangazo ya biashara. Majalada tofauti, majina tofauti, lakini ndani tangazo ni lilelile la rangi za nyumba: mume na mke wanapaka chumba cha mtoto ambaye hajazaliwa, wanagombana kuhusu rangi, wanapatana. Neno kwa neno. Hata mikato ilikaa palepale.

Wino alimgeukia mwanamume aliyekaa pembeni yake. Yeye walimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuisha madoa ya kalamu. Yule mwanamume, mpenzi wake wa miaka miwili, chuo kizima kilimwita Sauti. Ndiye aliyekuwa akisoma matangazo redioni, na akikusalimia tu unaweza kujikuta umenunua kitu usichokihitaji.

"Mwambie," Wino alimwambia. "Mwambie Profesa nilikutumia hii kazi ili unirekodie sauti."

Sauti alishusha pumzi kama mtu aliyefiwa.

"Profesa, inaniuma kusema hivi, maana huyu dada nimekuwa naye karibu. Kazi ni yangu. Niliikabidhi siku moja kabla yake. Alikuwa anakuja kwangu, kompyuta iko wazi... ni tamaa tu. Naomba asipewe adhabu kali."

Huyu dada! Wiki iliyopita alikuwa mama watoto mtarajiwa, leo amekuwa huyu dada. Wino alitaka kusema neno, Profesa akainua mkono.

"Sheria mnaijua," alisema Profesa. "Aliyeiba anafukuzwa. Ijumaa mtakuja mbele ya jopo, na kiwanda cha rangi kitamleta mtu wao. Kila mmoja aje na tangazo jipya la redio. Mtaweka saini kwamba hakuna mkono wa mwingine ulioligusa, na mtalisoma wenyewe. Mwenye kipaji atajulikana. Tokeni."

Kwenye ujia wa nje Wino alimshika Sauti mkono wa shati.

"Kwa nini?"

"Wino, usilipeleke moyoni. Wewe una kichwa, utaandika lingine hata kesho. Mimi nikikosa hii nimekwisha. Kiwanda kimeniahidi kazi."

"Kiwanda au Meneja wa mauzo?"

Sauti alitazama huku na huku. "Nani kakuambia?"

"Marashi yake. Yapo kwenye mashati yako siku nyingi, mimi mjinga nikajidanganya umebadilisha sabuni."

"Basi umeshajua. Ameshavaa pete yangu. Nakuomba kwa ustaarabu, usinivurugie."

Akaondoka akipiga mluzi.

Wino alifika chumbani akajitupa kitandani na viatu vyake. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kule nyumbani mama yake ameshatangaza kwa ndugu wote kwamba binti anamaliza shahada ya pili, wa kwanza katika ukoo mzima. Sasa arudi awaambie nini? Kwamba amefukuzwa kwa kuiba kitu chake mwenyewe?

Mwenzake wa chumba, ambaye kwa hasira zake za karibu walimwita Kibiriti, alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akaanza kufunga kanga kiunoni.

"Anaishi nyumba ipi vile? Mimi meno yake mawili tu yananitosha."

"Kaa chini, Kibiriti."

"Sikai! Mtu anakula kwako, analala kwako, halafu anakuuza mchana kweupe?"

"Kaa. Akipigwa atahurumiwa."

Jumatano mchana simu ya Kibiriti ililia. Alisoma, akapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

"Hebu sikiliza! 'Mrembo, upo? Nina shida ndogo. Wewe unaandika vizuri kuliko hata huyo mwenzako. Nitungie tangazo la rangi, la dakika moja, iwe siri yetu. Kusema kweli moyo wangu siku zote ulikuwa kwako. Mambo yakitulia nitakuja kwenu rasmi.' Kwetu! Rasmi! Mimi niliyeandika barua ya kuomba ruhusa ya kwenda harusini nikasahau kusema harusi ni lini!"

Wino aliketi. Machozi yalikuwa yamekatika ghafla.

"Mwambie ndiyo."

"Unaumwa?"

"Mwambie ndiyo. Mwambie utampa Ijumaa asubuhi mlangoni, akiwa anaingia."

"Na akilisoma kabla?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Wino alicheka.

"Sauti? Hasomi kabla hata siku moja. Anasema ukiyapitia maneno mapema, sauti inachacha. Studio nzima inamsifia kwa hilo. Anapewa karatasi, anasoma pigo moja, anaondoka. Macho yanaona herufi, masikio yanajisikiliza yeye mwenyewe alivyo mtamu. Matangazo yangu yote aliyasoma hivyo, ukimuuliza baadaye lilihusu nini, hajui."

"Kwa hiyo unamwandikia upuuzi, aaibike."

"Upuuzi ataushtukia. Namwandikia tangazo zuri kuliko yote."

"Lakini kumwandikia nalo si kosa? Wakijua je?"

"Watajua. Nitawaambia mwenyewe."

Alikaa mezani jioni ile na ya pili yake. Alianza na tangazo lake, akalimaliza. Kisha akavuta karatasi nyingine, akaanza la Sauti. Alijua pale ambapo yule bwana hupenda kuvuta pumzi, alijua maneno anayopenda kuyarefusha, akampangia yote kwa mpangilio huo. Alimchukia kwa moyo wote, lakini hakumpunguzia utamu hata neno moja.

Ijumaa wakakaa watatu upande wa pili wa meza ndefu: Profesa katikati, mhadhiri mzee kulia, na kushoto Meneja wa mauzo wa kiwanda cha rangi, mwanamke nadhifu wa maneno machache, pete inang'aa kidoleni. Profesa hakujua habari ya pete hiyo. Wino aliijua, akaitazama mpaka akaizoea.

Wakaweka saini. Wino akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilikwaruza, lakini alichokiandika kilisimama: mwanamke dukani, maisha yake yote wengine ndio waliomchagulia rangi, leo kwa mara ya kwanza anaulizwa anataka ipi, na hajui ajibu nini. Mhadhiri mzee alivua miwani. Profesa aliandika kitu, akaweka kalamu chini.

"Wa pili."

Sauti alisimama. Alikunja mikono ya shati, akaifungua karatasi aliyopewa mlangoni, akatabasamu upande wa Meneja. Kisha akaachia ile sauti.

"Rangi ya kwanza ni nyeupe. Ni ukuta ambao bado haujaambiwa uongo..."

Meneja aliinamisha kichwa kwa raha. Hata Wino, na chuki zake zote, alisisimka. Mungu alikuwa amempa mtu huyu koo, basi.

"Rangi ya pili ni waridi. Ni ya msichana unayemwambia: niandikie, mpenzi, wewe ndiye mama wa watoto wangu. Naye anaandika. Usiku na mchana, anaandika. Rangi ya tatu ndiyo yangu. Haina jina, maana kila siku naipaka juu ya jina la mwingine. Tangazo la chumba cha mtoto niliiba. Na hili ninalosoma sasa nimepewa mlangoni asubuhi hii, na msichana mwingine, niliyemwahidi kwenda kwao rasmi..."

Hapo ndipo masikio yake yalipofika pale mdomo ulipokuwa umeshapita. Akakoma katikati ya sentensi.



"Endelea," alisema Profesa.

"Profesa, hii... nimechezewa! Hii si yangu! Sikuandika mimi!"

"Hukuandika wewe?"

"Naapa! Hata sijawahi kuiona kabla ya sasa hivi!"

Profesa aliichukua ile karatasi ya saini, akaisogeza mbele yake taratibu.

"Hapa umesaini kwamba kila neno ni lako. Basi chagua, baba. Kama uliandika wewe, hayo uliyosoma umeungama mwenyewe. Kama hukuandika, saini ni ya uongo, na utafukuzwa kwa hilo. Ni ipi?"

Sauti aliigeuza karatasi kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu wa kumwandikia jibu.

"Huyo msichana wa mlangoni ni nani?" Meneja aliuliza.

"Mpenzi, huo ni utani wa watu wenye wivu..."

Profesa na mhadhiri mzee waligeuka kwa pamoja kumtazama Meneja.

"Nimeuliza ni nani."

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Kibiriti si mtu wa kungoja kuitwa mara mbili.

"Ni mimi, dada. Ujumbe wake huu hapa. Nikusomee, au utasoma mwenyewe?"

Meneja alisoma mwenyewe. Akairudisha simu kwa heshima, akavua pete, akaiweka juu ya karatasi ya tangazo.

"Profesa, niwie radhi, sikustahili kukaa hapa leo na nilipaswa kukuambia mapema. Na wewe, kiwandani kwetu usikanyage."

Viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa ujia. Sauti akatoka mbio nyuma yake.

Profesa alimgeukia Wino. "Hilo la rangi tatu, nani kaandika?"

Wino alisimama. "Mimi, mama."

"Unajua ni kosa?"

"Najua."

"Shahada yako ipo, maana baada ya leo hakuna mtu mwenye akili atakayeuliza lile la kwanza ni la nani. Lakini utapewa onyo, na utarudia somo la maadili ya matangazo muhula mzima. Humalizi na wenzako."

"Sawa, mama."

"Kwa maadili umefeli vibaya sana," alisema Profesa akikusanya karatasi zake. "Kwa uandishi, acha ninyamaze."

Alasiri wakiwa chumbani, simu ya Wino ikaita kwa ujumbe.

"Wino, wanataka barua ya kujieleza kabla hawajanifukuza. Niandikie mistari michache ya kuomba radhi. Wewe ndiye unayejua kupanga maneno. Tafadhali."

Kibiriti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wino hakucheka. Alijibu kwa maneno mawili: "Andika mwenyewe."

 Nguo zikafuliwa, zikaanikwa. Kisha kioo cha simu kikawaka, na Wino akausoma ujumbe palepale juu ya kioo bila kuufungua, kwa Sauti ukabaki haujasomwa.

"Niliogopa. Wewe unajua kuandika mimi sijui. Watu wananisifu kwa maneno yako na kila wakinisifu nakuchukia. Nilikupenda ila nikakuchukia. Sijui niseme nini tena. Samahani."

Haukuwa na mpangilio wala ladha. Hakuna aliyemsaidia, hilo Wino aliliona wazi. Ndiyo maneno aliyokuwa akiyangoja miaka miwili. Angeyasema pale nje ya ofisi ya Profesa, Wino angemsamehe, na pengine angemwachia na kazi yenyewe, kwa jinsi alivyompenda. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke.

"Kasemaje?" aliuliza Kibiriti.

"Kaandika. Mwenyewe."

"Utamjibu?"

Wino aliufuta ujumbe kabla ya kuufungua, kisha akaizuia na namba yake.

"Hapana. Nataka azeeke akijiuliza kama niliusoma."