Maoni ya Mtani

Siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kafe ya intaneti iliyokuwa jirani na stendi ya Singida ilijaa mpaka watu wakawa wanapumuliana shingoni. Miaka ile intaneti ilikuwa bado ngeni mjini. Mtu mmoja alikaa kwenye kiti, saba wakasimama nyuma yake wakisoma majina, na kila mara mmoja wao alipiga kelele, ya furaha au ya msiba.

Asnath aliingia akiwa na gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, lililomkaa vizuri hata waliokuwa wanalia kwa kufeli walinyamaza kidogo. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya msingi pale mjini, na alikuja kuangalia matokeo ya mdogo wake. Kompyuta zote zilikuwa na watu. Mbili tu, za pembeni kabisa, zilionyesha mambo mengine: majabali makubwa, wafalme wenye mikuki, fisi wenye mabawa, na mganga wa mvua akicheza juu ya jiwe.

"Samahani kaka," alimwambia kijana wa shati la drafti aliyekaa pale. "Hiyo kompyuta unaitumia au unaichezea?"

"Naifanyia kazi, dada."

"Kazi ya kuchunga fisi?"

Kijana alicheka. Alikuwa na meno mazuri na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Jina lake Antipasi, fundi wa kompyuta na msimamizi wa kafe ile, na mchezo ule aliutengeneza mwenyewe kwa miaka miwili.

"Unaitwa Falme za Mawe. Haujaingia sokoni bado, natafuta watu wa kuujaribu. Kaa, cheza na mimi, halafu uniambie maoni yako. Ukimaliza nakutafutia matokeo mimi mwenyewe."

Asnath alikaa. Alikuwa na tabia moja ambayo wanafunzi wake waliijua vizuri: hapendi kushindwa. Akajenga mji, akapanda mtama, akatuma askari. Mara mganga wa mvua akaenda upande wa Antipasi, na kuanzia hapo kwa Asnath halikudondoka hata tone.

"Sasa mimi nafanya nini?"

"Unavumilia."

"Navumilia nini? Mvua yote unayo wewe!"

Akavumilia. Akawatazama watu wake wakifa kwa kiu mmoja mmoja, taratibu, mpaka mfalme naye akaanguka.

"Haya, mwalimu, maoni?" Antipasi aliuliza, kifua mbele.

"Gemu lako bovu. Lizike mapema kabla halijanuka."

Kafe nzima iliangua kicheko. Antipasi alimwangalia kwa makini. "We dada, kabila gani?"

"Msukuma. Nyumbani Ulemo."

"Nilijua tu!" Akapiga meza. "Mimi Mnyaturu wa Ikungi. Mtumwa wangu huyu, jamani, leo kaja mwenyewe!"

"Mtumwa wako nani? Babu yako tulimwachia kwa huruma tu!"

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wao walidhani ndipo yalipoanza kunoga. Mnyaturu na Msukuma ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia, kukuita mtumwa, na ukinuna wewe ndiye mwenye kasoro. Ni raha kubwa. Lakini maneno ya mtani hayachukuliwi kuwa ya kweli, na hilo ndilo ambalo wawili hawa hawakulifikiria.

Mdogo wa Asnath alifaulu. Asnath alirudi kafe kesho yake kuja kushukuru, na keshokutwa hakuwa na la kushukuru ila alirudi tu. Ikawa kila akitoka shule anapitia pale. Jioni za Jumapili walitembea kando ya ziwa Kindai, yeye na viatu vyake mkononi, Antipasi akitupa vijiwe majini na kuzungumza habari za mganga wake wa mvua. Aliyempata mganga kwanza ndiye aliyeshinda, ilikuwa hivyo kila mara. Asnath aliliona hilo.

"Sikiliza, Antipasi. Ukinyimwa mvua katika gemu lako hakuna la kufanya. Unakaa kusubiri kufa. Nani atataka kurudia?"

"Wasukuma ndio mnaokufa kwa kiu. Wenzenu wanacheza vizuri tu."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli, mtumwa wangu." Akamvuta sikio.

Asnath alicheka, maana angefanya nini? Wateja wengine wote waliusifia mchezo. Kaka, safi sana. Kaka, Ulaya ndogo. Walikuwa wanacheza bure, na mtu anayecheza bure hamkosoi mwenye kompyuta.

Usiku simu zilianza. Antipasi alikuwa hata habipu, anapiga kabisa, na kwa bei za vocha wakati ule hilo peke yake lilikuwa tamko.

"Umelala, malkia?"

"Malkia wa nani? Jana nilikuwa mtumwa."

"Nimekupandisha cheo. Asnath, nakupenda."

"Ongeza sauti, Wasukuma wengine wasikie."

"Nitakuoa."

"Kwa mahari gani? Kuku wawili na debe la alizeti? Baba yangu atakufukuza na mbwa." Akacheka, na upande wa pili Antipasi naye akacheka. Kisha wakakata simu. Asnath alijifunika shuka mpaka kichwani akajiuliza kama yule mwanamume alikuwa na hata neno moja la kweli. Alimpenda. Alimpenda sana, na hakuwa na namna ya kumwambia ikasikika.

Mwezi wa tano alikuja mgeni kutoka Arusha, Chrispin, mfanyabiashara wa michezo ya kompyuta aliyeiuza kwa kafe za mikoani. Antipasi alipiga pasi shati jeupe, akafuta vumbi kila kioo. Siku moja kabla ya ugeni huo Asnath alimpigia simu.

"Antipasi, ahirisha. Lile suala la mvua hujalirekebisha."

"Wivu huo! Unaona Mnyaturu anakuwa tajiri."

Chrispin hakutaka kuonyeshwa. Aliita watu wawili kutoka stendi, wasiomjua Antipasi wala mchezo wake, akawaambia wacheze. Mmoja akampata mganga wa mvua. Mwenzake akakaa, akakuna kichwa, akapiga miayo, kisha akasimama akasema anaenda kununua soda. Hakurudi.

"Umechora vizuri sana, ndugu yangu," Chrispin alisema kwa upole unaouma. "Lakini aliyeshindwa mapema hana kazi. Rekebisha, unipigie."

Asnath alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule. Mgeni alipotoka, Antipasi alimgeukia, uso umemshuka.

"Ulijua! Ulijua lina kasoro ukaniacha niaibike."

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Na kule Kindai. Na jana kwenye simu."

"Ulikuwa unatania!"

"Nani alikuambia natania?"

"Wewe mtani wangu, nitajuaje?"

Asnath aliweka mkoba chini. Machozi yalimjia na hakuyazuia. "Na mimi nitajuaje? Unasema unanipenda kwa sauti ileile unayoniitia mtumwa. Nikuamini, halafu ucheke, nifiche wapi uso wangu?"

"Mimi nilimaanisha."

"Na mimi nilimaanisha."

Kungekuwa na mtu mwenye busara pale, angewafungia mlango wakae hapohapo. Hakuwepo. Antipasi, kwa uchungu wa aibu yake, akasema jambo la kijinga: "Hata sasa sijui kama unamaanisha."

"Basi kaa na hao wanaokusifia," Asnath akasema, akaokota mkoba wake. Wiki iliyofuata shule zilifungwa, akapanda basi kwenda kwao Ulemo.

Antipasi alimpigia. Mara nyingi hapatikani. Siku moja alipatikana.

"Asnath, mpenzi wangu, nakuomba..."

"Umeanza," alisema kwa sauti ya uchovu, akakata.

Hapo ndipo Antipasi alipoelewa. Mpenzi, malkia, nakupenda, nitakuoa: maneno yote matamu walishayamaliza kwa kutaniana, na hakubakiwa na hata moja linaloweza kuaminika. Alikaa kitini mbele ya fisi wake wenye mabawa mpaka usiku wa manane.

Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa. Asubuhi aliwakusanya wachezaji wake. "Leo sitaki 'safi sana'. Atakayesifia namtoa nje. Nataka mabaya tu."

Wa kwanza kusema alikuwa Innocent, muuza kanda wa pale stendi. "Kusema kweli, kaka, mimi nikinyimwa mvua huwa nazima tu. Nilikuwa naona aibu kukuambia."

Kisha wakafunguka wote. Mwingine akasema askari wanatembea polepole mno. Mwingine akasema malkia hana kazi ila kukaa. Antipasi alisikiliza kila mtu mpaka mwisho, bila kujibu, bila kujitetea. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, na alilifanya siku baada ya siku. Akauvunja mchezo, akausuka upya. Sasa aliyenyimwa mvua aliweza kuchimba visima, kuhamisha watu wake nyuma ya majabali, hata kumtorosha mganga juu ya mgongo wa fisi. Watu wakaanza kugombea viti.

Ulipokamilika hakumpigia Chrispin kwanza. Alivaa suruali nyeusi na shati lake jeupe, akapanda basi la kwenda Ulemo.

Nyumbani kwa mzee Andrea, baba yake Asnath, majirani walikuwa wamekaa uani wakitengeneza plau, jembe la kukokotwa na ng'ombe. Asnath alikuwa barazani na mama yake wakipura alizeti, khanga imefungwa kifuani, vumbi la maua kwenye nyusi. Alipomwona Antipasi akiingia, fimbo ilimsimama mkononi.

"Nani huyu?" mzee Andrea aliuliza.

"Naitwa Antipasi, baba. Natoka Ikungi. Shikamoo."

"Marahaba. Ikungi? Mnyaturu!" Mzee akainuka kwa furaha iliyomjaa uso mzima. "Jamani, fungeni kuku! Mtumwa wangu kaja, na huyu hakuja kunisalimu, kaja kuhesabu ng'ombe!"

Majirani walicheka wakajiegemeza vizuri kusubiri jibu. Na Antipasi alikuwa nalo. Alikuwa na majibu matatu, mazuri ajabu, na moja lilihusu babu wa mzee Andrea na gunia la viazi. Lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akainamisha kichwa, mikono mbele, akanyamaza.

"Mbona husemi? Njaa? Mama Asnath, mpe makapi ya alizeti!"

Kimya.

"Au Wanyaturu siku hizi wanazaliwa bila ulimi?"

Kimya. Jirani mmoja aliyekuwa bado anacheka alisita, akaangalia wenzake. Mtani asiyejibu ana mambo mawili tu: ama amefiwa, ama amekuja kwa jambo ambalo utani unaachwa mlangoni. Baba mkwe hataniwi, na wote pale uani walilijua hilo.

Mzee Andrea alikaa tena, polepole. "Asnath, huyu anaumwa?"

Asnath alikuwa ameshasimama. Aliifunga khanga yake upya, akashuka barazani akapiga goti kando ya baba yake. "Haumwi, baba."

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama kijana, akavuta pumzi ndefu. "Mama Asnath, mletee mgeni kiti." Kisha kwa Antipasi, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya heshima: "Kijana, mambo haya hayaletwi na mtu peke yake. Nenda ukalete wazee wako."

"Nimesikia, baba."

Asnath alimsindikiza mpaka barabarani. Walitembea bila kugusana, mama yake akiwaangalia kutoka barazani.

"Nimerekebisha gemu," Antipasi alisema. "Ile mvua."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Nilichelewa kusikia. Nisamehe."

Asnath alipangusa vumbi la alizeti usoni, lakini yalikuwa machozi pia. Basi la Singida lilikuwa linakuja kwa mbali.

"Asnath, wazee wangu wakija Jumamosi, utakubali?"

"Nitakubali."

Antipasi alisubiri kicheko kifuate. Basi likasimama, kondakta akapiga bodi kwa kiganja, na Asnath alikuwa bado anamtazama machoni, hacheki.