Birika Lenye Jina la Umi

Watu wa Baleni wakikwambia Nasma ana mkono mrefu, usiwasikilize. Nasma hakuwa mwizi. Kosa lake lilikuwa kupenda vitu vizuri, na kumpenda Umi, mwanawe wa pekee, kupita kiasi.

Yeye ndiye aliyekuwa mshika vyombo vya shughuli kijijini. Pakiwa na harusi au matanga, kila nyumba hutoa masufuria na masinia, Nasma akavipokea, na shughuli ikiisha akavirudisha kwa wenyewe. Zamani watu waliweka alama kwa rangi ya kucha, na ugomvi haukwisha. "Sinia langu hilo!" "Lako la wapi, mie nalijua kwa bonyeo lake!" Basi mdogo wake Zulfa alipomletea kutoka Dar es Salaam kidude cha mtumba cha kubania majina, Nasma alishukuru kama kapewa ng'ombe.

Kidude chenyewe ni cha kushika mkononi, juu kina gurudumu la herufi. Unalizungusha, kre-kre-kre, mpaka ufike kwenye herufi yako, kisha unabana kwa nguvu, ka! Herufi inatoka nyeupe, imevimba juu ya utepe mwekundu wa plastiki. Jina likitimia unakata, unabandua karatasi ya nyuma, unabandika. ARAFA. WARDA. FURAHA. Ugomvi ukafa. Wanawake wakamtania, "Nasma, na mume wangu nibandikie, asipotelee nyumba ya pili!" Nasma akacheka mpaka machozi.

Yakaja matanga ya marehemu Aziza. Siku ya kurudisha vyombo, birika moja la shaba likabaki uani bila mwenyewe. Zito, la kizamani, la kupendeza. Desturi ni kukitangaza chombo mbele za watu, na kikikosa mwenyewe kingoje shughuli nyingine. Nasma aliijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini Umi alikuwa kaposwa, na vyombo vyake vya kwendea kwa mume havijatimia. Nasma akatazama huku, akatazama huku. Akalifunika kwa kanga, akaenda nalo nyumbani.

Akabana herufi tatu, akabandika chini ya mshikio. UMI.

"Zuri, mama!" Umi akasema, akilipakata. "Lakini lanukia nini?"

"Shaba ya zamani hiyo."

Lilinukia karafuu maiti. Nasma akajiambia ni harufu ya msibani, itaisha.

Asubuhi Umi akaamka na baridi. Nje jua kali, mihogo inakauka juu ya bati, na yeye anatetemeka ndani ya mablanketi. Zahanati wakampima, malaria hamna. Nywele zake zilikuwa zimelowa chapa. Nasma akazikausha kwa taulo, akageuka kuchukua mafuta ya nazi. Aliporudi zilikuwa zinachuruzika tena.

"Mama," Umi akanong'ona, "mwambie asinimwagie."

"Nani, mwanangu?"

"Huyo anayenimwagia maji. Kaanza upande wa kulia."

Nasma akamwinua amfunge kanga. Kisogoni, chini ya nywele, ngozi ilikuwa imevimba. Mbu, akasema moyoni. Akapitisha kidole. U. M. I. Ukubwa ule ule. Nyeupe vilevile.

Alikimbia bila viatu hadi kwa Bi Mwatima, mwosha maiti wa wanawake wa kijiji, ambaye ndiyo kwanza alikuwa karudi kutoka Kirongwe. Alimkuta anapekua stoo ya nyuma ya msikiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasma, hujaliona birika langu? Nililomwoshea Aziza. Nilikuwa na safari, nikawaachia wasichana walirudishe, nao nadhani wamelichanganya na vyombo vyenu."

Nasma akaketi chini palepale, akasema yote huku analia. Bi Mwatima hakumkemea. Bora angemkemea.

"Umeliandika jina?" akanong'ona.

"La Umi."

"Astaghfirullah. Birika lile halina mwenyewe, Nasma, kwa kuwa ni letu sote. Kila mtu lamngoja kwa zamu yake. Wewe umelipatia mwenyewe kabla ya zamu."

"Nitabandua!"

"Kabandue, tuone."

Nyumbani, utepe ulibanduka wote, bila shida. Chini yake, kwenye shaba, herufi tatu zilikuwa zimevimba vilevile. Nasma akasugua kwa jivu. Akasugua kwa mchanga. Chumbani Umi akasema kwa sauti ndogo, "Sasa kahamia kushoto."

Kuosha kukiisha kinachofuata ni sanda. Nasma alilijua hilo.

Akakishika kidude. N. Ka! A. Ka! S. M. Akazungusha tena, akabana. Kimya. Utepe umekwisha. Akabana, akabana. Patupu. Akakata kipande kile cha herufi nne, akakibandika juu ya jina la mwanawe, akakandamiza mpaka kidole gumba kikamwuma.

"Langu mimi," akasema. "Si lake. Langu mimi."

Kisha, kutoka chumbani: "Mama, nina njaa."

Nywele za Umi zilikuwa kavu.

Bi Mwatima alikuja kulichukua birika mwenyewe. Akazisoma zile herufi nne, akamtazama Nasma kwa huruma. "Mwosha huoshwa, mwanangu, sote tutafika. Lakini wewe umejitanguliza. Shukuru halijamaliza kukuandika. Usije ukalimalizia." Siku hiyohiyo Nasma alikitupa kile kidude katika shimo la choo, akakisikia kikipiga maji.

Umi akaolewa, akahamia Kilindoni. Hakuambiwa kitu. Mama gani amwambie mwari wake neno kama lile? Kila alfajiri, akitia udhu, Nasma hupitisha kidole kisogoni mwake, chini ya ushungi. N. A. S. M. Akizikuta hazijaongezeka, hushusha pumzi na kwenda kuwasha moto.

Mchana mmoja Umi akaja kumtazama mama yake. Nasma yuko uani juu ya mbuzi, anakuna nazi, anafurahi kumsikia mwanawe akiimba ndani.

Kre-kre-kre.

Mkono wa Nasma ukasimama kwenye nazi.

Ka!

"Umi! Wafanya nini humo?"

Umi akatoka anatabasamu, kidude mkononi, kinachuruzika maji. "Mama nawe! Kitu kizuri hivi umekitupa kabatini kimelowa. Na mimi nilikuwa nimekununulia utepe wake. Niliuona dukani mjini, nikakukumbuka."

Harufu ya karafuu maiti ikajaa uani.

"Umeandika nini?" Nasma akauliza.

"Sijaandika, nimejaribu tu. Herufi moja." Akafungua kiganja. Kipande chekundu, kidogo kama ukucha. A.

Nasma akamtazama mwanawe. Mashavu yamejaa. Nywele kavu, zimesukwa vizuri. Akakipokea kile kipande.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Kisha akahisi maji ya baridi yakimshuka begani, upande wa kulia.