Bakuli Lenye Pengo

Mwenye ghala alikutwa amelala chali katikati ya vigae vya sahani, macho wazi, damu imeganda chini ya kisogo. Aproni yake ya kazi ilikuwa bado kiunoni. Kando yake palikuwa na boksi tupu na karatasi laini za kufungia vyombo.

Ghala lenyewe lilikuwa chumba cha uani, rafu kuta tatu. Mabakuli, mabirika, vikombe vya kauri vya enzi za bibi zetu, vitu ambavyo mimi na wewe tungevitumia kuwawekea kuku maji. Marehemu alivikusanya, akavinadi mtandaoni, na watu wa mbali wakavigombea hadi dakika ya mwisho. Mtaani walimwita Bi Sahani.

Inspekta aliinama pale kwa muda mrefu. Kituoni walimwita Kobe, kwa ajili ya mwendo wake. Jina hilo lilimuudhi, lakini angefanyaje?

"Kitasa kimevunjwa, afande," Koplo alisema. "Vyombo vimevunjwa. Kifurushi kimoja hakipo. Na mtu tunaye."

"Tunaye?"

"Chapchap. Yule wa pikipiki, mpeleka vifurushi. Majirani walimwona jana jioni akitoka hapa mbio. Wamempiga, we acha tu. Alama zake za vidole ziko dirishani."

Daktari wa uchunguzi alivua glavu. "Jeraha ni moja. Hakupigwa na kitu. Aliangukia kona ya meza hii ya chuma. Alisukumwa, tena kwa nguvu."

"Na mwizi?"

"Na mtu yeyote mwenye mikono miwili. Hayo mengine ni kazi yako."

Mahabusu, Chapchap alikuwa na jicho moja tu lililofunguka. Mdomo umevimba, shati limechanika begani.

"Bi Sahani mwenyewe alinipigia," alisema. "Bakuli limeuzwa, njoo jioni ulichukue. Nikaja. Nikabisha, kimya. Nikachungulia dirishani, nikaona miguu."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia."

"Kwa nini hukutoa taarifa?"

"Afande, maskini akikuta maiti, maiti ni yake."

Kobe alimtazama. "Mlango ulikuwa umevunjwa?"

Chapchap alifikiri. "Hapana. Niliusukuma, haukufunguka. Ulikuwa umefungwa kwa ndani."

Koplo aliguna. Mshukiwa gani hana hadithi?

Mkuu wa kituo naye hakutaka hadithi. "Kesho asubuhi apandishwe kizimbani. Mauaji. Mtaa mzima umemwona, wewe unatafuta nini tena?"

"Sijui bado, mkuu."

"Basi kitafute upesi, walau mara moja maishani mwako."

Sauti ya mkuu haikuwa ndogo. Kobe alipopita mahabusu, Chapchap alikuwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili. "Afande Kobe... samahani, afande. Watanifunga maisha? Mama yangu hata hajui niko hapa. Nisaidie, nakuomba, mimi sijaua!"

Kobe alirudi ghalani, kilio hicho kikimfuata njia nzima.

Mdogo wake marehemu ndiye aliyeukuta mwili asubuhi. Aliishi chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na ghala. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo, kuvipiga picha na kuvifunga. Alikaa juu ya boksi, macho mekundu kwa kilio.

"Pole na msiba, mama."

"Ahsante."

"Kilichoibiwa ni nini?"

"Bakuli la supu. Lilikuwa la mama yetu. Dada alilinadi wiki hii."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Kichwa kilikuwa kinaniuma."

"Vyombo vyote hivi vikavunjika nyuma ya ukuta wako, usisikie?"

"Nilimeza dawa, nikalala."

Mkono wake, kana kwamba haukuwa wake, ulichukua sahani rafuni. Akaigonga kwa ukucha. Ting! Akasikiliza, akairudisha. Akachukua nyingine. Ting!

"Unafanya nini?"

Alishtuka. "Ah. Mazoea tu, afande. Chombo kizima hulia. Chenye ufa hukohoa. Dada alinifundisha tukiwa wadogo." Sauti ikamkatika hapo.

"Na hiyo nyeupe kwenye kucha?"

Alikunja vidole upesi. "Unga. Nilikuwa nakanda."

Msiba uko nyumbani, nani anakanda unga? Kobe alimruhusu aende, kisha akaanza kugonga sahani rafuni moja baada ya nyingine. Koplo alisimama mlangoni akijizuia kucheka, maana mkubwa wake alionekana kama mtu aliyerogwa. Vyombo vyote vililia.

Kobe alichuchumaa kwenye vigae. Alivigeuza kimoja kimoja, akavipeleka kwenye mwanga.

"Njoo uone. Kauri ikivunjika leo, ndani inakuwaje?"

"Nyeupe."

"Na hapa?"

Koplo aliinama. Kwenye kila chombo kilichovunjika, sehemu ya ukingo ilikuwa nyeupe, lakini sehemu nyingine ilikuwa na mstari wa kahawia, kama meno ya mvuta tumbaku. Chai na mafuta ya miaka mingi yalikuwa yamepenya mle ndani.

"Hivi vilikuwa na nyufa tangu zamani," Kobe alisema. "Vyote. Mwizi mwenye pupa huangusha kilicho mbele yake. Huyu ameacha vya bei kubwa, vilivyo usawa wa mkono, akainama rafu ya chini, ile iliyobaki tupu, kuchagua vibovu."

"Labda ni bahati, afande."

"Bahati haina masikio. Aliyefanya hivi alitaka tuamini ni wizi, lakini moyo ulimkatalia kuvunja chombo kizima. Kitasa amekivunja baadaye, Chapchap akiwa keshaondoka. Nyumba hii wenye masikio hayo walikuwa wawili. Mmoja yuko chumba cha maiti."

Hamu ya kucheka ilimwisha Koplo.

Mlango wa chumba cha pili haukuwa umefungwa. Walimkuta ameketi sakafuni, bakuli jeupe lenye maua ya buluu mapajani, sindano ya kushonea mkononi. Alikuwa anaukwangua ukingo wake. Vumbi jeupe lilimjaa kwenye gauni. Hakulificha bakuli, hata kuinuka hakuinuka.

"Nisubirini kidogo," alisema. "Nimekaribia."

Kobe alichuchumaa mbele yake. "Huna lazima ya kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na litatumika mahakamani."

"Andikeni."

Alipitisha kidole ukingoni. "Mwanangu alikuwa akila humu. Siku moja akapagonga kwa kijiko, pakamomonyoka hapa. Yeye mwenyewe alikuwa kang'oka jino la mbele. Akacheka, akasema, mama, bakuli nalo lina pengo. Homa ikamchukua kabla jino halijaota."

Koplo aliandika taratibu.

"Dada akaliziba pengo, akapaka rangi. Akalipeleka mnadani: bakuli zima, halina dosari. Nilimpigia magoti, afande. Akasema, chombo ni chombo, mdogo wangu, na waliokufa hawali."

"Ukafanya nini?"

"Nikaingia mnadani na mimi, kwa jina la uongo. Wakipandisha dau, napandisha. Dada alikuwa upande ule wa ukuta na simu yake, anapiga vigelegele, wanaligombea, wanaligombea! Mimi niko huku natetemeka, napandisha. Mpaka nikaishiwa. Likachukuliwa na mtu hata sura yake siijui."

"Jana?"

"Nilimkuta analifunga. Nikamwambia, dada, aliyeshindana mpaka mwisho ni mimi. Nilidhani atanihurumia."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, 'Kumbe ni wewe uliyenipandishia bei! Ahsante, mdogo wangu.'"

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Nikamsukuma. Haki ya Mungu, sikutaka afe. Nilimwita, dada, dada, hakuitika. Mara nikasikia hodi, nikafunga komeo, nikajibanza nyuma ya mlango mpaka mtu akaondoka. Mengine mmeyaona."

"Chapchap kapigwa nusura afe. Ulijua kashikwa?"

"Nilijua." Aliinamisha kichwa. "Nikasema, ngoja nimalize kulikwangua. Nilione pengo la mwanangu, kisha nije kituoni mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, afande."

"Chapchap naye ana mzazi."

Mwanamke aliweka sindano chini, akanyoosha mikono ipigwe pingu.

Chapchap aliachiwa mchana ule ule. Alitoka akichechemea, akaisahau kofia yake ya pikipiki kaunta, wala hakugeuka alipoitwa. Nani angegeuka?

Mwanamke alikaa kwenye benchi. Koplo, akiwa kaunta, alikuwa anajaza kibandiko cha kielelezo, akijisomea kwa sauti ya chini kama kawaida yake: "Bakuli la supu, la kauri, moja, zima."

"Si zima," mwanamke alisema.

Koplo alimtazama mkubwa wake. Kobe alilichukua bakuli, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pale sindano ilipopita palikuwa na pengo dogo, pana kama jino la mtoto.

"Andika lina pengo," alisema.

Koplo alifuta neno la mwisho, akaandika upya.

"Nisomee," mwanamke aliomba.

"Bakuli la supu, la kauri, moja, lina pengo."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu asiyejali nani anamsikia, na jina aliloliita halikuwa la mwanawe. Alikuwa akimwita dada yake.