Waya wa Gari la Baba

Asubuhi za baridi, Pihla alikuwa na kazi moja tu: kushuka uani na kuchomeka waya wa gari kwenye kinguzo chenye soketi ya umeme, ili injini na ndani ya gari kupate joto kabla ya safari. Lakini Jumamosi ile blanketi lilimnogea.

"Pihla, umechomeka?" Baba aliuliza akinywa kahawa.

"Tayari, Baba."

Tayari wapi! Hata viatu hakuwa amevaa.

Saa ya kwenda kwenye mechi ya hoki ilipofika, vioo vyote vilikuwa vimeganda. Pihla ndiye aliyekuwa golikipa, na timu haikuwa na mwingine.

"Huu waya mbona uko chini? Kuna mtu kauchomoa?" Baba alishangaa.

"Labda," Pihla alijibu, macho kwenye theluji.

Baba akawasha injini, akaiacha ingurume ili barafu iyeyuke, wakarudi ndani kutafuta glavu. Kupitia dirisha, Pihla akaona moshi ukielekea moja kwa moja ukutani, kwenye kigari alimolala Onni, mtoto mchanga wa jirani. Watoto wachanga wa mtaa ule wote hulala nje mchana, hata wakati wa theluji, kwa ajili ya hewa safi. Hewa safi gani sasa? Onni alikuwa anakohoa.

Pihla alishuka ngazi mbiombio, akazima gari. Mama Onni naye akatoka, akambeba mwanawe.

"Jirani, sheria ya kuacha gari lingurume limesimama si dakika mbili?" alimwambia Baba aliyekuja nyuma. "Gari limenguruma mpaka chai yangu imepoa."

"Nisamehe, Mama Onni. Kosa langu."

Pihla akashindwa kuvumilia. "Ni langu, Baba. Sikuchomeka. Nilikudanganya."

Baba akampa kikwangulio. Wakakwangua barafu pamoja, Mama Onni akiwatania kwamba wanakwangua kama wanaopaka siagi. Onni alishatulia. Uwanjani walifika mechi ikianza, Pihla akiwa na vidole vya barafu.

Wakirudi, Baba alisema, "Ungeniambia ukweli asubuhi, ningekwangua vioo huku nakucheka. Ulinidanganya mimi, lakini aliyekohoa ni Onni."

Kesho yake Baba akauliza tena, "Pihla, umechomeka?"

"Bado, Baba," alijibu, akavaa viatu akatoka.