Bibi Mwanatabu na Mashine ya Sumaku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanarehema alitandika kitanda cha bibi yake, Mwanatabu, katika nyumba yao ya Jomvu Kuu. Zamani aliipenda kazi hiyo. Siku hizi aliingia chumbani ameziba pua kwa ncha ya mtandio.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1996 aliinua mto, na vipande vya samaki mkavu vikamwangukia miguuni. Vilikuwa vimeota ukungu na kujaa funza. Alikimbilia uani akatapika.

"Namwekea babuyo," Bibi alisema kwa upole. "Atarudi na njaa."

Babu alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita.

Shangazi Dhahabu hakutaka kusikia habari hiyo. Alifukiza udi mpaka uvundo na manukato vikachanganyika kuwa kitu kibaya zaidi. Binti yake alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa karibu kuja. "Wakijua Bibi amepotewa na akili, watasema ni ugonjwa wa ukoo wetu," alionya. "Ukinena neno, posa imevunjika kwa sababu yako."

Hata hivyo, Shangazi alikubali mwaliko mmoja wa hospitali. Daktari Kaviha, aliyerejea kutoka masomoni ng'ambo, alikuwa na mashine ya sumaku ya kuchunguza ubongo wa wazee wenye presha kama Bibi. Shangazi aliamini kwamba sumaku ingeuvuta ugonjwa ukatoka kimyakimya, bila mtu kuulizwa lolote.

Kumbe maswali yalitangulia.

"Bibi hasikii vizuri," Shangazi akamwambia daktari. "Mjukuu wake atamrudishia maswali sikioni."

Uongo mtupu. Bibi alisikia hata panya akipita darini. Lakini Mwanarehema aliogopa, akainama, na kila alipomrudishia swali alimnong'oneza na jibu lake. Siku, mwezi, jina la mtaa: Bibi aliyarudia yote. Mwanarehema alihisi kichefuchefu kilekile cha asubuhi ile ya samaki, ila safari hii alijichukia mwenyewe.

Kisha daktari aliweka duara nene la waya, lililofunikwa plastiki, juu ya kichwa cha Bibi. Tak! Kidole gumba cha Bibi kikaruka chenyewe.

"Nani anivutaye kidole?" Bibi aliuliza akicheka.

"Ni ubongo wako, Bibi. Sumaku imeuamsha kidogo, nami naona jinsi unavyotuma amri mkononi. Haitibu wala haivuti ugonjwa." Shangazi akanywea. Daktari akachukua kalamu. "Kumbukumbu zake ni nzuri. Katika utafiti wangu nitamweka miongoni mwa wazima, niwalinganishe na wagonjwa. Mwaweza kwenda."

Mwanarehema alielewa maana yake. Bibi angerudi nyumbani bila msaada wowote.

"Daktari, si yeye aliyejibu. Ni mimi," akasema. Akaeleza yote: samaki waliooza, na vidonge vya presha ambavyo Bibi husahau kumeza.

"Umetuvua nguo," Shangazi akamwambia kwa sauti ya chini.

Daktari alipima presha. Ilikuwa juu mno. "Presha imeumiza mishipa midogo ya damu ubongoni, ndiyo maana anasahau," alisema. "Yaliyopotea huenda yasirudi. Lakini akimeza dawa kila siku na kupunguza chumvi, huenda tukazuia asizidi." Akamgeukia Shangazi bila kuficha karaha yake. "Mama, samaki waliooza hawanichefui. Kinachonichefua ni mtoto kufundishwa kudanganya, eti ndiyo heshima ya mzee. Ningeuandika uongo wenu, na Bibi angebaki na ugonjwa wake."

Tangu hapo Shangazi alimpa Bibi kidonge kwa mkono wake, akasimama mpaka kimemezwa.

Wakwe walipokuja, Bibi alimwita bwana harusi kwa jina la Babu. Shangazi akaeleza kila kitu, kisha akangoja posa ivunjike.

Mama wa bwana harusi aliinamisha kichwa. "Kwetu pia yuko mmoja, mama yangu mzazi," alisema. "Tumemfungia chumba cha nyuma ili msimwone."

Shangazi alimshika mkono. "Mfungulieni leo, mumpeleke hospitali," akasema. "Na mkiulizwa, semeni kweli. Sisi tuliona haya, na aliyekuwa akiumia ni yeye."